Taa Iliyofunikwa kwa Tepu

Mwanangu alianza kukohoa mwezi uleule mume wangu alipoleta gari. Nayaweka mambo haya mawili kwenye sentensi moja kwa sababu wakati ule hakuna aliyeyaweka pamoja. Si mume wangu, si mama mkwe, si majirani waliokuja kupapasa boneti na kutupa hongera. Kikohozi kilikuwa cha mtoto na gari lilikuwa la baba. Vilikaa nyumba moja kama wapangaji wasiosalimiana.

Tuliishi nje kidogo ya mji wa Kibondo, upande wa barabara iendayo Kasulu. Miaka ile ya tisini wilaya yetu ilikuwa imefurika. Wakimbizi waliovuka kutoka Burundi walikuwa kambi ya Mtendeli na nyinginezo, na nyuma yao wakaja watu wa mashirika, wenye maduka, wabadilisha fedha wa Manyovu, na kila mmoja alitaka kufika anakokwenda leo hii hii. Mwenye magurudumu alikula. Mume wangu alikuwa na baiskeli ya kubebea maharage. Akauza ng'ombe, akauza baiskeli yenyewe, akapotea Dar es Salaam wiki kadhaa, akarudi akipiga honi tangu kwenye mteremko.

Lilikuwa gari la dizeli, la Kijapani, refu, lenye viti vya nyuma vya kutosha abiria na magunia. Limetumika huko kwao, likatumika tena Dar, ndipo likatufikia sisi. Kwenye kona ya kioo cha mbele palikuwa na karatasi ndogo ya maandishi ya Kijapani, na mume wangu alikataza isibanduliwe. Aliiona kama cheti cha kuzaliwa. Na kwenye dashibodi, katikati ya vile vidude vinavyoonyesha mafuta na joto, palikuwa na kipande cha tepu nyeusi, ile ya mafundi umeme.

"Hii ni ya nini?" nikamuuliza.

"Aliyeniuzia alinipa nayo hivyo hivyo. Kuna kitaa kinasumbua."

"Kinasumbua nini?"

"Kinawaka tu. Abiria wakikiona wanaogopa."

Tulikuwa na gari. Kibondo nzima wangapi walikuwa na gari?

Mimi nilikuwa nauza vitenge na mafuta ya mawese. Kila wiki niliondoka na mume wangu alfajiri kwenda Kasulu kuchukua mzigo, mtoto nimempakata kiti cha mbele, abiria nyuma. Asiyewahi kuamka Kasulu mwezi wa sita asije kunieleza kwamba Tanzania ni nchi ya joto. Baridi yetu ya milimani inaingia kwenye mifupa na kukaa humo. Tulifunga vioo, mume wangu akawasha hita, na ile hewa ya moto ikatoka kwenye matundu ya dashibodi ikampuliza mtoto usoni. Tulimwona kama mtoto wa kitajiri. Baridi ikiisha, vumbi lilianza, lile vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno, kwa hiyo vioo havikufunguliwa. Kutoka nyumbani mpaka daraja la Malagarasi, na kutoka Malagarasi mpaka Kasulu, tulikuwa ndani ya kile kisanduku chetu, tumejifungia, tunajisifu.

Mwanangu alikuwa ndiyo kwanza anaanza maneno. Alikuwa na machache: mama, maji, hapana, na taa. Hilo la taa alilipata garini. Alikuwa akiikwangua ile tepu kwa ukucha, safari nzima, kidogo kidogo, kama kuku anavyochimbua, mpaka siku moja ikabanduka na kitaa kikatokea, cha rangi ya chungwa, kimechorwa mfano wa injini. Alishangilia! Akakiwekea kidole.

"Taa!"

"Ndiyo, taa," nikasema.

"Taa!" akamwambia na baba yake.

Baba yake akacheka, na tulipofika Kasulu akaenda kununua tepu nyingine.

Sitazunguka. Tepu hiyo ya pili aliibandika yeye, mume wangu, kwa mikono yake, nikimwangalia.

Kikohozi kilianza kikavu. Kikawa cha asubuhi, kikawa cha asubuhi na jioni, kikawa cha kumkunja mtoto mpaka macho yanatoa maji. Zahanati wakampa dawa ya maji, wakampa na nyingine. Kilipungua, kikarudi. Nilipomfuta kamasi, kamasi lilikuwa na weusi. Nikasema ni kibatari, maana nyumba nzima tulikuwa tunatumia vibatari, na nani asiye na kamasi jeusi katika nyumba ya kibatari?

Mama mkwe alikuwa na jibu tangu mwanzo.

"Mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu, amemlaza mtoto magotini na kumbinua kichwa kuelekea mlangoni ili mwanga uingie kinywani, "huyu ana *ikirimi*. Njoo uone. Kimerefuka, kinamgusa koo."

*Ikirimi* ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kwetu mtoto akikohoa muda mrefu husemwa kimeo kimemrefukia, na dawa yake ni kukikata. Kuna wazee wanaokata. Hawakati wote kwa ubaya, nitasema na hilo, kwa sababu mama mkwe wangu hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mtoto yule kuliko alivyompenda mwanawe mwenyewe. Alimtafunia karanga. Alimlaza kifuani pake mvua iliponyesha. Ningepata mama mkwe mbaya, hasira yangu ingekuwa na pa kukaa.

"Mama," nikamwambia, "kimeo kila mtu anacho. Hakimletei mtu kikohozi. Nimesoma."

"Umesoma," akasema.

"Ndiyo. Kidato cha nne. Biolojia."

"Na hiyo biolojia imeshindwaje kumponya mtoto?"

Mume wangu alikuwa amekaa pale pale, anajisafisha kucha kwa njiti ya kiberiti. Nikamwangalia aseme neno. Akasema, "Nyie wanawake mtaelewana."

Basi tukaendelea hivyo. Yeye anaonyesha kimeo, mimi nakataa. Majirani wakapata habari kwamba mkamwana wa pale amesoma mpaka anamnyima mtoto dawa.

Kilichonifumbua macho ni kuharibika kwa gari. Si injini, ni tairi. Zilipasuka mbili safari moja, na gari likakaa nyumbani likisubiri tairi zitoke Kigoma. Siku zile mtoto hakuingia garini. Kibatari kilikuwa kile kile, jiko la kuni lile lile, koo lile lile na kimeo chake. Kikohozi kikalegea. Alilala bila kushtuka. Kamasi likawa jeupe. Tairi zikaja, tukaenda Kasulu, tukarudi, na mtoto alikohoa kutoka Malagarasi mpaka kwenye kizingiti cha mlango.

Nilimshika mume wangu mkono kabla hajavua viatu.

"Ni gari."

"Gari limefanya nini?"

"Linamkohoza mtoto. Kuna kitu tunavuta humo ndani."

"Mbona mimi sikohoi?"

"Wewe kichwa kinakuuma kila ukirudi. Unasema ni jua."

Akafikiri. Kichwa kilikuwa kinamuuma kweli. Na gari nalo lilikuwa limepoteza nguvu, milima iliyokuwa inapandwa kwa kuimba sasa ilipandwa kwa kuguna, na nyuma lilikuwa linaacha moshi mweusi ambao watoto wa barabarani walikuwa wanaukimbilia na kuucheka. Akakubali kulipeleka gereji Kasulu. Nikamwambia naenda naye. Nisingekwenda angerudi na tepu ya tatu.

Sasa, mtoto nimpeleke wapi? Fikiri na wewe unayesoma. Nimejua kwamba gari ndilo linalomuumiza. Je, nimpakize tena? Nikamwacha. Nikamwacha kwa bibi yake, mtu anayempenda kuliko wote, kwenye nyumba isiyo na gari. Nilimwambia mama mkwe, nikiwa nimempigia magoti kama inavyotakiwa, "Mama, naomba mtoto asipelekwe popote. Tunakwenda kutafuta ugonjwa wake. Tutarudi na jibu."

"Nendeni, mwana wanje," akasema. "Mtoto yuko na mimi."

Tuliondoka mchana, tukalala Kasulu kwa shangazi yangu, na asubuhi tukawa gereji. Gereji yenyewe ilikuwa uwanja wenye udongo uliolowa oili, mabati matatu juu ya miti, na benchi la kiti cha basi walipokaa watu wenye maoni.

"Nozeli hizo," akasema wa kwanza kabla hatujazima injini.

"Pampu," akasema wa pili.

Wa tatu alikuwa amekuja kuzibiwa gurudumu lake tu, wala hakuulizwa. Akasema magari ya siku hizi yana mashetani ya Kijapani, dawa yake ni kununua la zamani.

Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa Pwani aliyeoa Kasulu akabaki, mzee kiasi, mchangamfu, Kiswahili chake kinateleza. Miaka mingi alikuwa Dar kwenye gereji za magari hayo hayo. Akafungua mlango, akachungulia dashibodi, akaona tepu, akacheka mpaka akakohoa.

"Shemeji," akaniambia mimi, si mume wangu, "gari hii ikiumwa inasema yenyewe. Nyie mmeifunga mdomo."

Akaibandua. Kitaa kilikuwa kinawaka hapo hapo, cha chungwa, kama tulivyokiacha. Mume wangu akaangalia mabati.

Fundi akafungua boneti, akatafuta kisanduku kidogo cha plastiki chenye kifuniko, ndani kina matundu mengi. Akachukua kipande cha waya, akakimenya ncha mbili, akakikunja, akakichomeka kwenye matundu mawili. Akasema hapo amewaunganisha wanaojua na wasiojua. Kisha akanituma nikae kwenye usukani, nifungue swichi bila kuwasha injini, na nihesabu taa inavyopepesa.

"Hesabu wewe shemeji. Mimi nikihesabu hawa watanisemesha."

Taa ikaanza. Ikapepesa haraka haraka, ikapumzika, ikapepesa mara moja. Ikatulia kidogo, ikarudia yale yale.

"Saba," nikasema. "Halafu moja."

"Hesabu tena."

"Saba na moja."

"Inakukonyeza hiyo!" akapiga kelele yule wa gurudumu. "Bwana, upo hapo hapo na gari inamkonyeza mkeo!"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Siku ile nilicheka.

"Saba na moja," akasema fundi, amejifuta mikono. "Hii naijua. Dar kila gari ya namna hii ikiingia ilikuwa inaniambia saba na moja. Sikiliza, shemeji. Huko Japani wana sheria, gari isitoe moshi mchafu. Basi wakaweka bomba linalochukua moshi kidogo kutoka kwenye ekzosi na kuurudisha injini ukachomwe mara ya pili. Katikati kuna mlango mdogo, unafunguka na kufunga. Taa inasema, hapo pana kasoro."

"Kasoro gani?"

"Hiyo haisemi. Inakuonyesha nyumba tu. Mlango ugonge mwenyewe."

Wale wa nozeli wakaguna. Mmoja akasema, "Ziba bomba kwa bati, mtu aende zake. Hapa kuna sheria ya Japani?" Na ni kweli wengi walikuwa wanafanya hivyo, kipande cha bati cha kopo kinawekwa, moshi haurudi, taa inabandikwa tepu, safari inaendelea. Nikamwambia fundi sitaki bati. Nataka kujua.

Akafungua. Ule mlango mdogo ulikuwa umegandiana na masizi, mazito kama ugali ulioungua. Lakini hakuishia hapo. Akaingiza kidole nyuma ya injini, akafuatisha lile bomba mpaka linapoungana, akaniita. Bomba lilikuwa limepasuka. Ufa ulikuwa umetema moshi kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha abiria, na alama ya weusi ilipanda ukutani, ikapanda, mpaka chini ya kioo cha mbele. Pale ikaingia kwenye vitundu na kupotea.

"Hewa ya hita inavutwa kutoka wapi?" nikauliza.

Fundi akagusa vile vitundu kwa bisibisi.

"Hapa, shemeji."

Nilikwenda upande wa mbele, kiti changu, nikachomeka kidole kwenye tundu la dashibodi, lile lililokuwa linampuliza mtoto usoni. Kikatoka cheusi. Kwenye pindo la kitenge nilikuwa na kile kitambaa nilichokuwa namfutia kamasi, sikuwa nimekifua tangu safari ile. Nikakikunjua juu ya boneti, nikaweka kidole changu pembeni ya lile doa.

Hakuna aliyesema kuhusu kukonyeza tena.

"Sikujua," mume wangu akasema.

"Ungejuaje? Ulikifunika."

"Mama mtoto, sikujua."

"Nimekusikia."

Wachomeleaji walikuwa jirani. Bomba likachomelewa, likapigwa msasa, gasketi ikakatwa upya. Mlango ule mdogo ukasuguliwa kwa mafuta ya taa na brashi ya waya mpaka ukacheza wenyewe. Fundi akang'oa fyuzi, akasema gari lazima lisahau ugonjwa wake, akairudisha. Tukawasha. Kitaa kikawaka, injini ikashika, na kitaa kikazima. Kikazima chenyewe, bila tepu. Nilikaa pale nikakiangalia muda, nikisubiri kirudi. Hakikurudi.

Hiyo safari ya kurudi sijawahi kumsimulia mtu. Jua lilikuwa la utosini, na sisi tukafunga vioo vyote kwa makusudi, tukawasha hita mpaka mwisho, tukawa tunanusa kama mbwa. Jasho linatutiririka. "Unasikia kitu?" "Sisikii. Wewe?" "Mimi nasikia kikwapa chako." Tulicheka mpaka akasimamisha gari. Akaniomba radhi pale barabarani, kwa maneno, kitu ambacho wanaume wa kwetu hawafanyi hata wakiwa wanakufa. Akasema tukifika atampandisha mtoto ampeleke mpaka mjini na kumrudisha, kwa ajili ya kuvuta hewa safi tu. Malagarasi nilimnunulia mtoto muwa. Kipingili kimoja, laini, cha kufyonza.

Nilishuka kabla hajazima injini. Nikamwita mtoto. Alikuwa na desturi ya kutoka mbio akisikia gari.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, ndani, mtoto kifuani, amemfunika kanga. Kando yake palikuwa na bakuli la maji ya chumvi. Aliniangalia kwa furaha. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo, alikuwa na furaha.

"Ameshapona," akasema. "Leo ilikuwa gulio, yule mzee wa Gwarama anayekata vimeo akapita. Nikasema Mungu amemleta. Kilikuwa kirefu! Wewe ungeona mwenyewe."

Nikafunua kanga. Kwenye gauni la mama mkwe palikuwa na damu mpya juu ya damu iliyokauka. Mtoto alikuwa mweupe midomo. Alikuwa anameza. Anameza, anapumzika, anameza, na mimi nikaelewa kwamba alichokuwa anameza ni damu.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Itakata. Hukata yenyewe."

"Amekikata kwa kitu gani?"

"Kwa kiwaya chake. Anakijua, mwana wanje, amewakata wengi..."

Sikumbuki nilichomjibu. Majirani wanasema nilimtukana matusi ambayo mkamwana hapaswi hata kuyajua. Vizuri.

Tuliingia garini. Nilikaa kiti changu, nikampakata kama siku zote. Mume wangu aliendesha kwa namna ambayo sijawahi kuona, na gari likapanda. Halikuguna. Halikutoa moshi. Lilikuwa limepona kabisa, lina nguvu kama limetoka meli jana, na hewa ya ndani ilikuwa safi, safi, ungeweza kumlaza humo mtoto mchanga.

Mwanangu alifumbua macho karibu na kuingia mjini. Hakuweza kusema. Akanyoosha kidole kwenye dashibodi, mahali pake, palipokuwa na taa. Taa haikuwepo. Akaniangalia, kama ananiuliza nimeipeleka wapi. Kidole kikabaki pale, kisha mkono ukashuka magotini pangu.

Hospitali walimpokea mbio. Walifanya wanachoweza, sina la kuwadai. Hakuamka.

Kwenye matanga wanawake waliniambia kazi ya Mungu haina makosa. Nikawaambia hii si kazi ya Mungu, Mungu hana kiwaya. Wakaacha kunikalia karibu. Mama mkwe aliwaambia waliokuja kuhani kwamba tulichelewa, kwamba kimeo kingekatwa mapema kisingekuwa na damu nyingi vile. Aliamini. Yule mzee hakuonekana tena gulio la kwetu, na mume wangu hakumtafuta. Nilimuuliza mbona humtafuti. Akasema, "Nikimpata nitamwambia nini? Mama ndiye aliyemwita." Akaendelea na kazi, Kibondo, Kasulu, Manyovu. Gari halikuharibika tena. Kitaa hakikuwaka tena. Nililichukia gari lile kwa uzima wake.

Nina mtoto mwingine sasa, wa kike. Masika haya alikohoa siku mbili, mafua ya kawaida. Siku ya pili mama mkwe akasogeza kigoda, akanyoosha mikono apewe, na nikaona anavyomtazama mdomoni.

"Hapana," nikasema.

"Sijasema kitu."

"Ulikuwa unataka kusema."

Amezeeka tangu wakati ule, amepungua. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuuliza hata siku moja.

"Lile gari. Moshi ulikuwa unaingia kweli?"

Nikaingia ndani, nikaleta kile kitambaa. Sijakifua. Nikamwonyesha doa, nikamweleza ufa, ukuta wa chuma, vitundu, hita, kila kitu, taratibu, kama fundi alivyonieleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akakishika kitambaa kwa vidole viwili, akakinusa.

"Lakini kilikuwa kirefu, mwana wanje," akasema, na sauti yake ilikuwa inaomba. "Nilikiona kwa macho yangu. Kilikuwa kirefu."

"Ni kirefu kwa kila mtu, mama. Hata wewe. Fungua kinywa nikuonyeshe."

Sijui kwa nini nilisema hivyo, ilikuwa hasira. Lakini alitii. Alijibinua kichwa kuelekea mlangoni, vilevile alivyokuwa akimbinua mtoto, akafungua kinywa. Nikainama nikatazama.

Hakuwa nacho. Nyuma ya kinywa palikuwa pamenyooka, patupu, na kovu jeupe la zamani sana.

"Nilikuwa mdogo," akasema alipofunga kinywa. "Mama yangu alinishika miguu. Mimi nilipona."

Akanirudishia kitambaa. Mtoto akakohoa mgongoni kwangu, kikohozi kidogo cha mafua. Mama mkwe akanyoosha tena mikono yake miwili, ile ile, akaiacha hewani.

Sikumpa.